Mbwa Wako Anakimbizana na Nani?

Haya ni maneno niliyowaambia wafugaji wa mbwa wa mtaa mmoja hapa Arusha, asubuhi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni, akina mama, vijana, na nyinyi mlioshika kamba kwa mikono miwili, habari za asubuhi.

Najua mmefuata sindano. Sindano zipo, chanjo iko kwenye lile boksi lenye barafu. Ila wenzangu bado wanaandika kadi, na mwenyekiti kaniomba niwashikilie kwa dakika ishirini. Kaniambia, daktari, waambie habari za kichaa cha mbwa. Nitazigusa mbele huko. Lakini leo nina jambo ambalo haipiti wiki bila mtu kunipigia simu: "Daktari, mbwa wangu akiona chakula anafakamia kama anakimbizwa. Nifanyeje?"

Nianze na swali. Nani hapa anajua kwa hakika mbwa wake jana alikula saa ngapi? Nyoosheni mikono. Naona minne. Na watatu kati ya hao ni walinzi. (Kicheko.) Cheka, mzee wangu, lakini nusu ya hotuba yangu umeshaisikia.

Nyumbani nina mbwa anaitwa Bosi. Wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilimchukua akiwa mkubwa, kutoka nyumba iliyokuwa na mbwa watano na karai moja. Siku ya kwanza nikampikia ugali wa dona, nikachanganya na dagaa, nikamwekea kwenye bakuli la plastiki. Nikageuka kuchota maji. Kugeuka tena, bakuli liko mlangoni, tupu, Bosi analisukuma kwa ulimi. Kesho yake nikampima kwa simu: sekunde 24. Chakula cha kumshibisha mtu mzima, sekunde 24! Halafu akasimama, akainamisha shingo, mbavu zikacheza mara tatu, ugali ukatoka kama ulivyoingia, umejiviringa kama soseji, vichwa vya dagaa vimechomoza pembeni. Kabla sijafika na koleo, ameshaula tena. Mke wangu alikaa wiki nzima hataki kuona dagaa mezani.

Sasa, kabla hatujamlaumu Bosi, tumtazame mdomoni. Mbwa mzima ana meno 42, mimi na wewe tuna 32. Lakini idadi isikudanganye. Meno yake mengi ni ya kushika, kuchana na kukata. Taya lake linapanda na kushuka, haliendi kushoto na kulia kama la ng'ombe anayecheua. Kwa hiyo mbwa hatafuni tonge kama tunavyotafuna sisi. Anakata kipande kinachopita kooni, anameza, kazi iliyobaki anaiachia tumbo, na tumbo lake hutanuka sana. Ndivyo walivyoishi babu zake, mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Sisemi hawa mbwa mwitu wetu wa Serengeti wenye mabaka, hao ni ukoo mwingine. Mnyama akishaangushwa, anayechelewa anakuta ngozi.

Kuna mtu ataniuliza, basi ugali si chakula cha mbwa? Hapana, usimwonee ugali. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani, tofauti na mbwa mwitu, amebeba nakala nyingi zaidi za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga. Maana yake, amekaa na binadamu na makombo yake kwa muda mrefu hadi mwili wake umejifunza. Ugali mtupu haumtoshi, anahitaji dagaa, utumbo, nyama kidogo. Lakini ugali anauweza. Asichokiweza ni ugali wa tonge kubwa kubwa, wa moto, unaoshuka mzima.

Kwa hiyo kula haraka ni maumbile yake, hilo nakubali. Lakini kufakamia kama Bosi si maumbile peke yake. Mbwa anayefakamia namna ile anakimbizana na mtu. Ama yuko mwenzake pembeni, ama alikuwapo zamani na yeye bado anamkumbuka. Au anakimbizana na njaa yenyewe, kwa sababu hajui kesho atapewa saa ngapi, wala kama atapewa. Mwenye njaa hana miiko, na hilo halikusemwa kwa binadamu tu.

Wakati mwingine anayekimbizana naye yuko ndani ya tumbo lake. Mbwa anakula vizuri, mbavu zinahesabika, manyoya yamekufa, basi mtazame minyoo kabla hujatazama bakuli. Kama amekuwa mtu wa kula kwa utaratibu miaka yote, halafu ghafla ndani ya mwezi mmoja anaanza kufakamia, anakunywa maji mengi na kukojoa hovyo, usinunue bakuli, mlete. Inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa maradhi ya homoni. Na kama anatumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa ajili ya ngozi, dawa hizo zenyewe huleta njaa.

Mnaweza kusema, daktari, mbwa kula haraka, kuna ubaya gani? Anatapika, anakula tena, maisha yanaendelea. Wengi kweli maisha yanaendelea. Lakini nitawaambia kisa kimoja, nacho hakinipi sifa.

Miaka yangu ya mwanzo kazini niliitwa usiku kwenye nyumba moja kubwa. Mbwa dume, Jerman Shefadi, miaka saba, kifua kirefu, mbwa wa kumtazama. Alikuwa anakula mara moja tu kwa siku, saa mbili usiku, karai limejaa. Akimaliza anafunguliwa, anazunguka ukuta mbio. Saa nne mlinzi anaona mbwa hatulii. Analala, anainuka, anageuka kutazama ubavu wake, anafungua mdomo kutapika, anatoa povu tu. Mlinzi akampigia bosi wake, bosi akanipigia mimi. "Daktari, wamemwekea sumu." Mnajua wezi wetu walivyo, wanatupa nyama ukutani kwanza, wenyewe wanakuja baadaye. Kwa hiyo wakamnywesha maziwa na mafuta ya kula, kama wengi wetu tunavyofanya. Na mimi kwenye simu nikasema, ndiyo, inaelekea ni sumu. Sikuuliza hata swali moja: je, anatapika kitu, au anajaribu tu bila kitu kutoka?

Nilifika saa saba. Nikamgonga ubavu kwa vidole, ukalia kama ngoma. Nikainua mdomo wa juu, fizi zimekuwa nyeupe. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikuwa nimechelewa. Tumbo lilikuwa limejaa gesi na kujisokota. Chukua mfuko wa plastiki, ujaze hewa, usokote huku na huku: kilichomo ndani hakipandi wala hakishuki. Tumbo linazidi kuvimba, linabana mishipa mikubwa, damu hairudi kwenye moyo. Mbwa hana siku mbili tatu za kusubiri. Ni saa chache, na tiba ni upasuaji, ambao haufanyiki kila kona. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri.

Asubuhi yake yule mlinzi akawekwa chini na kuulizwa kama amekula njama na wezi. Nilisimama kumtetea, na nikajiona mdogo, maana usiku ule mimi ndiye niliyelithibitisha lile neno sumu.

Baadaye nikasoma. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mbwa zaidi ya 1,600 wa mbegu 11 za miili mikubwa. Walioonekana kuwa hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, wenye ndugu wa damu aliyewahi kupatwa, wanaokula haraka, na wale wanaowekewa bakuli juu ya kitu. Hilo la mwisho liliwashangaza wengi, kwa sababu ushauri wa siku zile ulikuwa ni kuinua bakuli ili kumkinga. Basi nyumba yenye Jerman Shefadi, Rotweila, Buabuli au mbwa yeyote mwenye kifua kirefu na kiuno chembamba, chakula kiwe chini, sakafuni.

Sisemi kila anayefakamia atasokotwa tumbo. Wala sisemi ukimpunguzia kasi umeifuta hatari yote. Nasema hivi: katika mambo yale manne, umri huwezi kuurudisha, na ndugu zake hukuwachagua. Kasi na bakuli viko mikononi mwako.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Watu wengi wakifika hapa wananiuliza bei ya yale mabakuli ya plastiki yenye vinundu na njia za mzunguko kama mchezo wa watoto. Yapo, yanafanya kazi, mwenye nafasi anunue. Lakini bakuli ni la mwisho. La kwanza ni saa.

Mbwa ale mara mbili. Chakula kilekile cha siku, ukigawe nusu kwa nusu: saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kila siku, hata Jumapili, hata ukiwa na msiba. Ukisafiri, anayebaki apewe saa hizo zimeandikwa kwenye karatasi. Najua wapo wanaoamini kwamba mbwa akishiba halindi, na kwamba njaa ndiyo humfanya mkali. Jamani. Tufikiri pamoja. Mwizi anatupa kipande cha nyama chenye sumu juu ya ukuta. Nani atakimeza kabla mlinzi hajageuka? Ni yule aliyeshiba, anayekula kwa saa zake? Au ni yule mwenye njaa, aliyezoea kwamba kisichomezwa sasa hivi kimepotea? Wewe unadhani umefuga ukali, kumbe umemwandalia mwizi mlango.

La pili ni nafasi. Mbwa wawili, vyombo viwili, na wasionane wakila. Mmoja nyuma ya jiko, mwingine bandani, mlango umefungwa. Vyombo viwili vikikaa mguu mmoja na nusu hapa na hapa, hiyo bado ni karai moja, mbwa anajua. Kwa kweli nyumba nyingi ninazokwenda, nikishawatenganisha tu, ndani ya siku kumi kasi inashuka bila bakuli la aina yoyote. Na wakishamaliza, vyombo vyote viondolewe ndipo wafunguliwe, vinginevyo mmoja atakimbilia kulamba cha mwenzake, na yale mashindano mliyoyaua mmeyafufua.

Ndipo tunafika kwenye chombo. Nitawaonyesha vitu vya jikoni kwenu.

Hili hapa ni sinia, la kawaida, la bati. Mpikie mbwa ugali laini kidogo kuliko wenu, uchanganye na mchuzi wa dagaa au supu ya utumbo, kisha uupake kwenye sinia zima kwa mwiko, mwembamba kama unapaka mkate. Acha upoe kabisa. Ukipoa unashika bati. Hapo mbwa hana tonge la kumeza, ana kazi ya kulamba na kukwangua. Bosi nilimwanzishia hivi. Siku ya kwanza alichanganyikiwa, akasukuma sinia mpaka kwenye tangi la maji, akanitazama mimi kama mtu aliyedhulumiwa. Nikalipindisha ukingo, nikalibana na tofali. Dakika nne. Kutoka sekunde 24 hadi dakika nne, na sikununua kitu.

Kwa walio na karai: chukua sufuria ndogo nzito, iweke kifudifudi katikati ya karai, chakula kizunguke pembeni kama mfereji. Mdomo hauwezi kuchota kwa wingi. Wengine wanaweka jiwe. Jiwe sawa, ila liwe kubwa kuliko mdomo wake wazi, lioshwe, na lisiwe la kumeguka. Usimwekee kokoto. Nimewahi kumwona mbwa wa miezi minane ana kokoto mbili tumboni, na mwenye mbwa alikuwa na nia njema kabisa. Mbwa mwenye tabia ya kuguguna mawe usimpe njia hii, utamvunja meno.

Wanaotumia chakula cha punje cha dukani, kazi ni rahisi zaidi. Trei la mayai! Ile ya plastiki inaoshwa, ile ya karatasi itupwe baada ya mlo, na usimwache peke yake nayo, ataila. Kila kishimo punje chache. Au zimwage kwenye sakafu safi ya simenti, azitafute moja moja kwa pua. Watu wanaona ni dharau kummwagia mbwa chakula chini, lakini pua ndiyo akili yake, na akinusa anatulia. Isipokuwa usimwage pale kuku wanapojisaidia, wala kwenye majani yaliyopigwa dawa. Punje pia ukiziloweka kwa maji ya uvuguvugu robo saa zinavimba ndani ya chombo badala ya kuvimba ndani ya mbwa.

Dada pale nyuma ananiuliza mifupa. Mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe utamchukua muda, ndiyo, lakini simpi mbwa anayefakamia, kwa sababu atajaribu kuumeza. Mifupa ya kuku iliyopikwa msiwape kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha.

Na akishakula, apumzike. Mimi humwacha Bosi kama saa nzima ndipo namfungulia geti. Walinzi, tafadhali, yule mbwa anayekula saa mbili na kuanza kukimbia ukuta saa mbili na dakika tano, mpeni chakula mapema.

Sasa hapa nasimama kidogo, maana hapa ndipo kichaa cha mbwa kinapoingia. Kuna watu wakimwona mbwa anafakamia, wanaingiza mkono kwenye bakuli, au wanamnyang'anya chakula "ili ajue nani mkubwa". Wengine wanampiga. Fikiri wewe uko mezani, umeshika kijiko, mtu anakuja anavuta sahani. Mara ya kwanza utamtazama. Mara ya tatu utakula mbio, umeikumbatia sahani. Umemfundisha kitu kilekile unachotaka akiache. Na siku moja mkono utakaoingia ni wa mtoto. Katika watu wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, tazama saa, halafu hospitali siku hiyohiyo. Siyo pilipili, siyo mafuta ya taa.

Badala ya kunyang'anya, pita karibu naye, umdondoshee kitu kizuri zaidi, kipande cha utumbo, uende zako. Usiongee naye. Rudia kesho. Baada ya siku kadhaa utaona anainua kichwa ukipita, mkia unacheza. Amekubali kwamba mtu akikaribia, chakula kinaongezeka. Kisha mfundishe kusubiri: shika chombo, mwambie "kaa", akikaa kishushe, akiinuka kipandishe. Usipige kelele. Mbwa si mjinga, siku ya tatu anakaa kabla hujasema.

Watoto wa mbwa nao, wenye mama waliozaa mnisikie. Tabia hii inaanzia pale. Watoto wanane kwenye sahani moja ya uji, wakubwa wako katikati na wadogo wanapanda migongo. Tumia sinia mbili au tatu, watatu au wanne kila moja. Ni maji kidogo tu ya kuoshea yanayoongezeka.

Bosi sasa anakula kwa dakika tisa, kumi. Nimempima tena juzi kwa ajili yenu. Hatapiki tena, na mke wangu amesamehe dagaa. Lakini kuna kitu hajakiacha. Miaka minne yuko peke yake, hajawahi tena kuona mbwa mwingine karibu na sinia lake, na bado, katikati ya mlo, anasimamisha ulimi, anainua kichwa na kutazama getini. Anasikiliza kwa lile sikio lililosimama. Akiona hakuna mtu, anarudi kulamba.

Haya, naona kadi zimekamilika. Foleni ianzie kwenye mwembe ule. Wenye mbwa wakali wabaki upande wa ukuta, tutawafuata wenyewe. Na wewe kijana mwenye wawili kwenye kamba moja, mmoja mpe mwenzako amshike, tafadhali, kabla hawajafika kwenye lile sinia langu.